Bonde limezibwa na ardhi ina wenyewe: namna ya kuirudisha njia ya maji bila ya kumdhulumu mtu

Assalaam alaykum jamani. Watu wa shehia za jirani wamekuwa wakinipigia kuniuliza sie tulifanyaje mpaka bonde letu likaanza tena kupitisha maji, na mie kila nikieleza kwenye simu naeleza nusu, mara chaji imeisha mara mtu ana haraka, kwahiyo leo nimekaa naandika yote. Niko Pemba, upande wa kaskazini. Ninayoyasema ni ya mabonde yetu haya yanayoteremka kutoka kwenye mikarafuu yakapita kwenye mpunga yakamalizikia kwenye mikoko, ila hata mtu wa Unguja anaekaa karibu na dimbwi linalozidi kujengwa nyumba kila mwaka atapata cha kuchukua hapa.

Nianze na lililotupotezea mwaka mzima. Sie tulidhani kazi ni kuchimba. Bonde letu lilikatwa na tuta la shamba la chumvi, waliokuwa wakipika chumvi wameacha siku nyingi, vyumba vya chumvi vimebaki vitupu ardhi nyeupe imepasuka, upande wa juu wa tuta maji ya mvua yanasimama mpaka yananuka na upande wa ndani mikandaa imekauka wima kama kuni zilizopangwa. Ukaja mradi mmoja, vijana wakapewa majembe na posho, tuta likakatwa siku mbili. Siku ya tano akashuka mtu kwenye boti kutoka Dar na karatasi ya mirathi mkononi, ile ardhi ni ya marehemu baba yake na hakuna aliemuuliza. Na alikuwa na haki yake kabisa. Kazi ikasimama, tuta likafukiwa, mradi ukamaliza muda wake ukaondoka, sie tukabaki na majembe. Mara ya pili tukaanza na ardhi.

Kwanza ujue "kuipata ardhi" kwetu maana yake nini

Zanzibar ardhi yenyewe hununui. Ardhi yote ya asili ni ya umma, iko mikononi mwa Rais kwa faida ya wananchi, ndivyo inavyosema Sheria ya Umilikaji Ardhi namba 12 ya 1992, na msingi wake umeanzia baada ya Mapinduzi ya 1964. Alichonacho mtu ni haki ya kuitumia. Sasa wapo wanaosikia hivi wakasema basi mambo mepesi, ya serikali ichukuliwe tu. Hapana, haiwi hivyo. Ile haki ya matumizi ni mali, na Katiba ya Zanzibar ya 1984 inalinda mali ya mtu isichukuliwe bila ya sheria na bila ya fidia, halafu juu ya ile ardhi kuna vitu vyake alivyovitolea jasho, miti, mpunga, kisima, banda, pengine makaburi ya wazee wake.

Na hapa kuna jambo ambalo wataalamu wanaotoka nje ya visiwa wanachelewa kulielewa: kwetu ardhi inaweza kuwa na mwenyewe na mti uliosimama juu yake ukawa na mwenyewe mwengine. Minazi ya fulani kwenye shamba la fulani. Mkarafuu wa shangazi kwenye eka ya kaka. Kwahiyo ukimlipa mwenye ardhi ukadhani umemaliza, kesho utagongewa mlango na mwenye minazi, na wewe ndie mwenye kosa.

Kabla hujamfata mtu yeyote, yajue maji

Usiende kumwambia mtu tunataka shamba lako kabla hujajua maji yatafika wapi. Sie tulitumia mpira wa maji, ule mweupe unaoonyesha ndani, mafundi wa nyumba wanapimia levo. Unaujaza maji usibakishe povu la hewa, mmoja anashika ncha moja kwenye kigingi mwengine anakwenda na ncha ya pili mita 20 mbele, maji ndani ya mpira yanasimama sawa sawa pande zote mbili, unapima kutoka kwenye maji mpaka chini kila upande, ile tofauti ndio tofauti ya ardhi. Tulianza mlangoni pa mkondo tukapanda bonde lote kwa siku tatu, vijana wawili na mzee mmoja wa kuandika. Tukagundua sakafu ya vyumba vya chumvi iko chini ya alama ya bamvu, yani yale maji makubwa ya bahari, kwa shibiri mbili. Yani bahari ilikuwa inangoja kufunguliwa mlango tu.

Alama ya bamvu ipigie vigingi usiku na mchana, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na usitosheke na bamvu moja. Kwetu bamvu kubwa maji yanapanda na kushuka kiasi cha mita 4, kosa dogo la levo bondeni linageuka shamba zima kuingia maji. Halafu subirini masika mmoja mzima, Machi mpaka Mei, mpige vigingi pale maji ya mvua yanapofika. Hili watu hawalipendi kwasababu linachelewesha, lakini mie nasema bila ya hilo msiende mbele.

Wazee waulizwe mkondo wa zamani ulipita wapi, na watembee nanyi, sio waulizwe barazani. Alafu kuna picha za droni zilizopigwa na ule mradi wa Zanzibar Mapping Initiative ulioanza 2016, Kamisheni ya Ardhi pamoja na chuo kikuu cha SUZA, picha zake zinaonyesha mpaka kichaka kimoja kimoja. Sie tulipoziangalia tukauona mkondo wa zamani umelala chini ya vyumba vya chumvi kama mshipa wa mkono, rangi yake imeiva zaidi kuliko pembeni.

Hapa niweke tahadhari, na naomba isomwe mara mbili. Sio kila tuta ni adui. Pemba mabonde mengi ya mpunga bahari imeshaingia, watu wamepoteza mashamba kwa chumvi, na matuta yaliyowekwa kuzuia ile bahari yamewekwa kwa dhiki ya kweli. Ukikata tuta kama hilo eti unarejesha maji ya asili umewaua watu njaa. Jiulizeni maji gani yalikuwa yakipita hapa, ya bahari au ya mvua, na onjeni maji ya visima vilivyo karibu kabla ya kazi na muandike. Na pengine ikaonekana kilichoziba ni karavati la barabara tu, limewekwa juu sana au dogo sana. Likiwa hivyo hamna haja ya shamba la mtu, ni barua kwa wenye barabara, mambo yameisha.

Gawa bonde mara tatu

Vigingi vikishakaa mtaona wenyewe kwamba hamuhitaji bonde zima. Sie tulipaka rangi. Vyekundu ni pale maji yatapita kila siku, hapo mtu hawezi kubaki na chochote, haki yake lazima ichukuliwe yote na alipwe. Vya njano ni pale maji yanafika bamvu kwa bamvu, hapo pakubaliwe kwa maandishi pasijengwe wala pasijazwe kifusi, na mtu alipwe kwa anachokipoteza. Vya kijani ni pale panapojaa maji masika tu, hapo mwenyewe abaki na mpunga wake na hati yake, sharti moja tu asiweke tuta wala nyumba. Tulipofanya hivi eneo la kuchukua moja kwa moja likapungua sana, na watu waliokuwa wametununia wakaanza kutusikiliza, manake walidhani tunataka kila kitu.

Kaunta buku

Chukua kaunta buku kubwa, moja tu, lisikae kwa mtu mmoja lakini lisizagae. Kila ukurasa kipande kimoja. Anaetumia ardhi ni nani, alipewa na nani, lini. Miti mingapi, ya aina gani, inazaa au bado, ya nani. Nani anapita hapo, nani anakata ukindu hapo, nani anaokota chaza, nani anateka uduvi. Hawa wa mwisho hawana karatasi hata moja na wengi ni akinamama, na ndio wa kwanza kusahaulika, ukiitisha mkutano saa nne asubuhi maji yakiwa yamepwa hawaji kwasababu wako pwani. Itisha maji yakijaa.

Siku ya kuhesabu miti muwe na sheha, mwenye ardhi, mwenye miti na majirani wa pande zote. Kila mti uliohesabiwa unapigwa chokaa. Kwetu tulifika kwenye mnazi mmoja mrefu ukingoni, umeshaanza kuchomwa na chumvi, makuti ya chini yamekauka. Mwenye shamba akasema uandikwe wangu. Akanyamaza. Mzee mmoja aliekuja kusindikiza tu akasema, "Mwanangu, ardhi ya babaako, sikatai, lakini mnazi huu kaupanda bibi yangu, na nazi zake sisi ndio tunaangua mpaka leo." Yule mwenye shamba akatazama chini kidogo akasema, "Kweli ami, andikeni wa kwao." Dakika mbili tu. Jambo lile lile lingefika kwa mthamini bila ya kusemwa pale chini ya mnazi, lingekuwa kesi ya miaka.

Sasa aina za wenyewe utakaokutana nao. Eka tatu, zile zilizogaiwa na serikali baada ya Mapinduzi, hizo zina masharti yake, hazikutolewa ziuzwe wala zikatwe vipande, kwahiyo mtu akikwambia kainunua kwa mkono ulizeni kwanza Kamisheni ya Ardhi kabla ya kumuandika kuwa ndie. Shamba la wakfu haliuzwi wala halitolewi kienyeji hata kama mtu analilima miaka 40, hapo mnakwenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Na yapo mabonde ya mpunga ambayo mtu anaazima kipande msimu hata msimu, aliemo leo siye wa mwaka juzi, waandikeni wote wawili.

Lakini kubwa kuliko yote ni urithi usiogaiwa. Ndilo lililotuangusha sie. Babu kafa, watoto wapo Wete, Dar, Mombasa, mmoja Maskati, alieko shambani ni mjukuu mmoja na yeye anasema haya chukueni. Msichukue. Saini yake peke yake haina nguvu juu ya fungu la wenzake. Fanyeni hivi: mwambieni ataje warithi wote, wanawake nao, wapigieni mmoja mmoja muandike siku na saa mlioongea, kama mirathi haijagaiwa ipelekwe kwa Kadhi igaiwe kwanza ijulikane fungu la kila mtu, na alioko mbali atoe hati ya uwakala kumpa mtu wa hapa amsainie. Kwetu lilichukua miezi saba kwa kipande kisichofika nusu eka. Ilitubidi tusubiri, na yule bwana wa Dar aliekuja na karatasi ndie aliekuwa wa kwanza kusaini, akasema hakuwa na ugomvi na maji, ugomvi wake ulikuwa kutoulizwa.

Barua na mlango wa kupitia

Kamati ya shehia haina uwezo wa kuchukua haki ya mtu, hata muwe na nia njema vipi. Mnachoweza ni kuomba. Sheha anapitisha, inakwenda Wilayani, kutoka hapo Kamisheni ya Ardhi ambayo imeundwa kwa sheria namba 6 ya 2015, wao ndio wenye wapima. Kwenye barua elezeni mambo manne kwa lugha nyepesi: maji yalipita wapi, yamezibwa na nini, vipande gani mnavihitaji na vipi kwa rangi zenu, na nani wamekubali. Ambatisheni nakala za kurasa za kaunta buku na ramani ya vigingi. Kazi ya mpima inakuwa nyepesi akikuta vigingi na majirani wameshakubaliana, akikuta ugomvi anakunja vifaa vyake anaondoka, na hamna wa kumlaumu.

Mthamini wa serikali akija mfateni nyuma. Kila mti anaouandika linganisheni na chokaa. Mwenye mti asipokuwepo usihesabiwe, siku nyengine. Fomu isainiwe baada ya kusomwa kwa sauti, na kila mtu apige picha ya ukurasa wake kwa simu yake mwenyewe. Fidia ya mwanamke iingie kwa jina lake, kwenye akaunti yake au simu yake. Nimeona fidia ya mama imepita kwa mtoto wa kiume ikaishia kwenye pikipiki, na mama mpaka leo anasema shamba lake lilichukuliwa bure.

Mtu asieridhika na hesabu asitishwe wala asiitwe mpinga maendeleo. Kuna Mahkama ya Ardhi kwa sheria namba 7 ya 1994, kazi yake ni hiyo, aende, na nyinyi muonyesheni njia.

Kama ipo ardhi nyengine ya serikali karibu, mie napendelea kubadilishana kuliko pesa. Mkulima wa mpunga ukimpa kipande bonde la pili msimu ujao analima. Pesa ya fidia ya kipande kidogo huwa ndogo, inakwenda kwenye ada ya skuli na bati mbili tatu, mwakani hana pesa na hana shamba. Lakini kipande cha badala kikaguliwe na mwenyewe, tena masika, asije akapewa mahali pa mawe.

Na fidia ilipwe KABLA ya jembe la kwanza. Sina zaidi ya kusema hapo.

Mtu aseme labda haya mambo ya ardhi kwanza ni ya nchi masikini. Angalieni Marekani, jimbo la Florida. Mto wao wa Kissimmee waliunyoosha kati ya 1962 na 1971 ukawa mfereji wa kilomita 90 hivi, vinamasi vya pembeni vikakauka, ndege wakahama. Kuja kuurudisha kwenye mapindo yake ujenzi ulianza 1999 ukamalizika 2021, na serikali ilibidi ichukue zaidi ya eka 100,000 pembezoni mwa mto na maziwa yake ya juu, kwasababu maji yakirudi hayaulizi shamba la nani. Na kusini huko huko, eneo la Picayune Strand kiasi cha eka 55,000, kampuni ilichimba mifereji ikakata barabara miaka ya 1960 ikauza viwanja vidogo vidogo kwa maelfu ya watu, wengi hata hawajawahi kupaona. Ilipotakiwa maji yarudi ikabidi watafutwe wote hao. Kwetu waulizeni watu wa Mwanakwerekwe, Unguja, masika yakishika dimbwi lililozungukwa na nyumba lilivyokuwa likiwafata watu ndani. Kipande cha bonde kikiwa bado kina majani ndio wakati wa kukiombea, kikishapata msingi wa nyumba bei na machozi vinazidi.

Vibali viwili vitatu kwa haraka: Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira (ZEMA) waulizwe kama kazi yenu inahitaji tathmini, na kukiwa na mikoko hata iliokufa wahusike watu wa misitu, manake sheria ya misitu namba 10 ya 1996 inahusu hiyo. Nendeni mapema, wote wana foleni.

Siku ya kufungua

Chagueni maji mafu, zile siku bahari haipandi sana, sio bamvu, na muanze maji yakiwa yamekupwa. Msichimbe mfereji ulionyooka kama rula, fateni mapindo ya mkondo wa zamani mlioyaona kwenye picha, mfereji ulionyooka unakwenda mbio unakula kingo na tope lote linatoka kwa mkupuo. Na lile tope linakwenda wapi? Kwa wenye mwani. Mbele ya mkondo wetu kuna akinamama wana kamba za mwani, tulikaa nao wiki tatu kabla, wakatwambia subirini tuvune kwanza. Tukasubiri. Tukafungua upenyo wa upana wa mikono miwili tu, tukauacha siku kumi na nne mpaka bamvu lipite, ndio tukaongeza.

Bamvu la kwanza tulikuwepo pale usiku, watu wazima kumi na kitu na matochi. Maji yaliingia kimya kimya, yakajaza nyufa za sakafu ya chumvi moja baada ya moja, ukisikiliza unasikia ardhi inatoa pumzi, mapovu madogo madogo kila mahali. Wachimbaji wa mara ya kwanza walikuwepo pia.

Mikoko msikimbilie kupanda. Watu wanapenda picha ya kupanda miti, lakini njia ya maji ikishakuwa sawa mbegu zinaelea zinakuja zenyewe, mchu kwanza, mkandaa na mkoko baadae, kila mti unachagua levo yake. Zipeni miaka miwili, pakibaki patupu ndio mpande, tena aina inayoota jirani na hapo kwa levo ile ile. Miche iliyochomekwa kwenye tope lisilo levo yake tumeiona ikifa safu nzima.

Jambo linaloachwa sana ni ardhi imeshapatikana, sasa imeandikwa kwa nani? Hakikisheni mpaka mpya umeingia kwenye ramani ya Kamisheni kama eneo la umma na matumizi yake yametajwa kuwa njia ya maji, manake ardhi tupu kwenye ramani inaonekana haina mwenyewe na mtu anaweza kuiombea kiwanja kwa nia safi tu. Kwenye mikoko ombeni mkataba wa usimamizi shirikishi wa msitu, ile KOFMA ambayo shehia nyingi ziliingia wakati wa mradi wa hifadhi ya misitu wa HIMA 2010 mpaka 2014, ndani yake waandikwe wale wa ukindu na chaza kwa jina la kazi yao, wakati gani wanaingia na wanachukua nini.

Vigingi vyekundu viacheni vibaki, vikioza badilisheni vya zege. Kila mwisho wa Februari kabla ya masika watu wanne wapite mkondo mzima kutoa makuti, magogo na machupa ya plastiki yaliyonasa, waonje maji ya visima vilivyoandikwa mwanzo na waandike kwenye kaunta buku lile lile. Kisima kikibadilika ladha mara mbili mfululizo, rudisheni upenyo nusu kwa magunia ya mchanga muite wataalamu wa maji kabla ya kuendelea.